Foronya za Mikanda

Mliponiaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Mtu anafanya kazi miaka nenda miaka rudi akiingoja siku ambayo hatatazama saa tena, siku inafika, wenzake wanampa saa. Nimeitundika jikoni, juu ya jiko la kuni, na moshi utajua la kuifanya.

Siku hiyohiyo, kati ya soda na hotuba, mmoja wenu aliniuliza swali. Simtaji kwa kuwa anajijua. Alitaka kununua kigari cha juu, vile vifupi vilivyoinuka ambavyo sasa vimejaa Voi nzima, na kwenye simu yake alikuwa na orodha ndefu ya mambo ya usalama: eabegi za kufumuka ajalini kila upande, kamera ya nyuma, kengele inayolia ukihama mstari. Akataka nimwambie kipi ni salama kuliko vyote. Nikamjibu kwamba ni kile chenye mikanda misafi. Mkacheka wote, mkadhani mzee amekwisha. Basi nimekaa chini niwaandikie jibu refu, kwa sababu lile fupi lilinichukua miaka kulipata.

Niliingia kwenye mradi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ulikuwa mradi wa kliniki za mama na mtoto. Ofisi na karakana zilikuwa Voi, upande wa stesheni ya reli, na kliniki zimetawanyika Mwatate, Wundanyi kule milimani, na chini huko hadi Salaita karibu na Taveta. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe lililopigwa pasi, nikiamini kwamba mtu mwenye cheti cha ufundi huketi mezani. Fundi mkuu alinitazama toka kichwani hadi viatuni, akanionyesha gari lililokuwa likivuja oili, akaniambia nilale chini yake. Kufikia adhuhuri shati lilikuwa na rangi ya udongo wa Voi, ule mwekundu usiotoka. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimeajiriwa au nimefukuliwa.

Fundi mkuu huyo aliitwa Athumani. Alizaliwa Voi, lakini wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimenyooka kiasi kwamba hata akikutukana ilikubidi usubiri mwisho wa sentensi ndipo ujue. Zana zake alizozipenda zilikuwa nne: chaki, futi kamba, tochi na kioo kidogo cha kunyolea. Spana aliziona ni za watu wasiojua kuangalia. Gari likipata ajali kwenye barabara ya Mombasa na kuburutwa hadi kituoni, polisi walimwita aje aseme lilikuwa na kasoro gani, naye alinichukua. Alilizunguka mara moja bila kugusa kitu. Halafu alianza na mikanda.

"Mkanda hausemi uongo," aliniambia. "Uvute wote nje, uutie tochi. Ukiwa umemshika mtu, nyuzi zake hung'aa pale palipobanwa. Usipomshika mtu, utaukuta vile ulivyotoka kiwandani, na vumbi lake juu."

Tulikagua magari mengi, na karibu mikanda yote ilikuwa vile ilivyotoka kiwandani. Wakati ule mtu akifunga mkanda Voi watu walimuuliza anaogopa nini. Madereva waliomwonea haya askari waliuvuta ukapita kifuani, wakaushika kwa mkono mpaka wampite. Wengine waliufunga kabisa, lakini nyuma ya mgongo wa kiti, usiwasumbue. Athumani alifunga wake vizuri siku sita za wiki. Ijumaa aliufunga nyuma ya kiti. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba Ijumaa yeye hupumzika, acha mkanda nao upumzike.

Ijumaa moja alitoka msikitini, akachukua pikapu ya mradi kwenda kufuata radieta upande wa Maungu. Lori lilikuwa limekufa barabarani, na dereva wake ameweka tawi moja la mti hatua chache nyuma, akidhani linatosha. Ulikuwa mchana kweupe. Athumani aliligonga, ingawa hakuwa na mwendo mkubwa. Boneti ilikunjika kidogo tu, na taa moja haikuvunjika. Lakini hakufika hospitali. Pikapu ile niliikagua mimi kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Niliuvuta mkanda wa dereva, nikautia tochi. Ulikuwa umefungwa nyuma ya mgongo wa kiti na haukuwa na hata alama. Niliandika hivyo kwenye fomu, nikaenda nyuma ya kituo nikalia. Kwa muda mrefu nilimkasirikia marehemu, jambo ambalo halifai, lakini nilimkasirikia.

Nikaachiwa karakana pamoja na kile kioo cha kunyolea. Jambo la kwanza nililofanya kama mkubwa lilikuwa kuandika tangazo. Meneja wetu alikuwa Nairobi kwenye mkutano wa wiki nzima, nikaona nisimngoje. Nilipiga chapa mwenyewe kwa vidole viwili: KUANZIA JUMATATU KILA MFANYAKAZI, BILA KUJALI CHEO, AFUNGE MKANDA. HAKUNA ATAKAYESAMEHEWA. Nikalibandika kwenye mlango wa jikoni, maana hapo ndipo watu wote walipopita.

Nyinyi wengi hamkuwepo, kwa hiyo niwakumbushe. Miaka ile kila aliyesimama jukwaani aliwaambia wananchi wafunge mkanda, na maana yake ilikuwa moja tu: mambo ni magumu, kuleni kidogo. Kufikia saa nne mpishi alikuwa amepunguza sukari kwenye chai. Saa saba mchana chapati zilikatwa nusu. Mlinzi wa geti, aliyejua sheria kwa kuwa aliwahi kulinda mahakama, aliandika barua ya malalamiko na kuipitisha watu watie sahihi. Sahihi ya tatu ilikuwa ya mke wangu, ambaye hata hakuwa mfanyakazi. Jumatatu Meneja aliporudi aliwakuta wauguzi wameketi kwenye ngazi na chupa zao za chai, hakuna gari lililotoka, na ndani ya magari mikanda yote imefungwa nyuma ya viti kama kawaida. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba kwamba siku nyingine nikitaka kuokoa maisha ya watu, nisianzie jikoni.

Aliyenitia wasiwasi kuliko wote alikuwa Sista Wakesho, muuguzi wa chanjo. Alikuwa mwanamke mfupi wa kutoka Wundanyi, na mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha gari, kwenye barabara za shamba la mkonge kule Mwatate. Alijifunza haraka na akaendesha haraka. Kila wiki alikwenda peke yake na sanduku la chanjo mpaka Salaita, na wakati ule ukishaiacha Mwatate hapakuwa na lami, ni changarawe iliyojikunja kama bati mpaka Taveta. Mkanda hakuufunga hata siku moja. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamweleza habari za Athumani. Alinisikiliza kwa heshima zote, akawasha gari, akaenda bila mkanda. Kila alipotoka getini niliwaza kwamba iko siku nitautia tochi mkanda wake.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini Meneja aliamua kumtafutia gari jipya, yaani jipya kwetu. Ndipo hivi vigari vya juu vilipoanza kushuka bandarini kwa wingi kutoka Japani, vimetumika lakini ndani bado vinanukia upya. Sisi tuliviita mbuzi, kwa kuwa vilipanda mlima na miguu yake ilikuwa mirefu kuliko mwili. Mfanyabiashara mmoja alituletea vitatu kwa siku mbili ili tuchague: cheupe, cha kijani, na cha rangi ya damu ya mzee. Nikaambiwa nivilinganishe usalama. Nilichukua chaki ya Athumani nikachora jedwali kwenye ukuta wa karakana, mkitazama nyuma ya kabati la oili mtaona bado lipo.

Cheupe kilikuwa na eabegi moja, ya dereva. Abiria alitegemea dua. Mikanda yake ya nyuma ilikuwa ya kiunoni tu. Cha damu ya mzee hakikuwa na eabegi hata moja, lakini kilikuwa na redio kubwa, spika nne, na mbele kilichomelewa bomba nene la chuma la kutishia wanyama. Kijani kilikuwa na eabegi mbili, mikanda ya begani mbele na nyuma, na zile breki ambazo hazifungi gurudumu hata ukikanyaga kwa nguvu zako zote. Mguu unahisi zinatetemeka. Usiuondoe, ndivyo zinavyofanya kazi.

Nilivijaribu vyote. Kwenye lami ya Mwatate kijani kilisimama kwa adabu. Kwenye changarawe kilichukua hatua kadhaa zaidi kuliko cheupe, jambo ambalo mwenye magari aliniomba nisiliandike, lakini kilisimama kikielekea nilikokielekeza, na cheupe kilisimama kikitazama kilikotoka. Niliandika yote mawili. Niliandika pia kwamba vyote vitatu ni virefu, na ukivikwepesha ghafla vitalala ubavu, na hakuna kifaa ndani yake cha kuzuia hilo isipokuwa dereva.

Halafu nikamwita Sista Wakesho akae kwenye kila kimoja. Hili mliweke akilini mnaponunua gari kwa kusoma simu: usalama unapimwa pamoja na mtu atakayekaa. Kwenye cheupe mkanda ulimpita shingoni, kwa sababu pale juu kwenye nguzo ulipotokea palikuwa pamekazwa, hapapandi wala hapashuki. Kijani kilikuwa na kitufe cha kupashusha, nikapashusha mpaka mkanda ukamkaa begani. Nikapima kwa futi kamba toka kifuani pake hadi usukani, nikarudisha kiti nyuma kadiri miguu yake ilivyoruhusu, maana eabegi hufumuka kwa nguvu, na mtu mfupi anayeukumbatia usukani huweza kuumizwa nayo. Alivumilia yote hayo, akaniuliza kama nitampima na urefu wa jeneza.

Kamati ya mradi ilikaa siku ya pili. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kwaya, ambaye hakuwahi kupoteza mjadala tangu enzi za fimbo. Nilisoma ripoti yangu. Nilipofika kwenye eabegi nilijitia ufasaha, nikaiita mfuko wa hewa. Mwenyekiti akauliza kama hewa hiyo ingetosha kujaza tairi likipata pancha kule Maktau, njia ya Taveta. Nikasema hapana, hutoka mara moja tu gari likigonga. Akauliza kama mfuko huo baadaye unaweza kushonwa. Nikasema hapana. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, nikachungulia: "Mfuko, hauna faida." Alilipenda lile bomba la mbele. Nikamweleza kwamba pua ya vigari hivi imetengenezwa makusudi ijikunje, ili inayoumia iwe boneti na si mbavu, na ukiichomelea bomba umeizuia kazi yake. Akawatazama wenzake, akauliza tangu lini gari likasifiwa kwa kuvunjika haraka. Walicheka, nami nikajua nimeshindwa.

Kilichotuokoa kilikuwa mkanda, ingawa si ule. Wakati wa chai Mwenyekiti aliingia kwenye kigari cha damu ya mzee kusikiliza zile spika, akatia mkanda wa nyimbo za kwaya yake, mmoja tu waliokuwa nao. Redio iliutafuna mpaka utepe ukaning'inia kwenye dashibodi kama tambi. Alirudi mezani akaitisha kura. Kura ilipigwa bila mjadala, na kijani kikapita bila kupingwa. Kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba kamati ilizingatia usalama.

Wiki ya kwanza karani wetu alikipamba. Alitandika kitambaa cha kufuma juu ya dashibodi upande wa abiria, akakibana kwa pini kumi na mbili, juu ya eabegi kabisa. Nilizing'oa moja moja nikimweleza kwamba mfuko ukifumuka hizo zitakuwa risasi. Alininunia mwezi mzima. Lakini sikujali, kwa sababu Sista Wakesho alikuwa anafunga mkanda. Nilisimama getini kila asubuhi nikimwona kwa macho yangu. Siku nne akafunga, wiki akafunga, na mimi nikaanza kujisifu nyumbani. Wiki ya tatu akaacha.

Jioni aliporudi nilimngojea kwenye maegesho. Nadhani nilimfokea. Aliuvuta mkanda akaulaza juu ya sare yake nyeupe, akauachia, akashuka na kusimama mbele yangu. Toka begani hadi kiunoni palikuwa na mstari mwekundu, umenyooka kama uliopigwa rula. Vumbi la Voi lilikuwa limeshaingia kwenye nyuzi, na kila aliyeufunga mkanda ule ulimwandika.

"Sasa umeona, Fundi," akasema. "Mimi nikisimama kliniki hivi, kuna mama atanipa mtoto wake nimdunge?"

Mawazo yangu yalikuwa yamekwenda mbali. Nilikuwa naikumbuka Ijumaa ile na pikapu ile. Siku sita za wiki Athumani alivaa ovaroli. Siku ya Ijumaa alivaa kanzu, nyeupe pe, na kanzu zake zilikuwa zikifuliwa kwa mkono na mkewe, Mama Zuhura, mshonaji wa karibu na soko. Mtu aliyeijua mikanda kuliko wote aliufunga wake nyuma ya kiti ili asimwongezee mkewe kazi. Mimi miaka yote hiyo nilidhani ni ukaidi.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Zuhura. Marehemu sikumtaja. Nilimwambia nataka foronya, ila nyembamba, ndefu kiasi cha mkono na nusu, wazi ncha zote mbili, na vifungo ubavuni ili zivalishwe na kuvuliwa bila kuufungua mkanda kutoka kwenye gari. Nikamwambia asitie sufi ndani, maana mkanda lazima umkae mtu sawasawa, na zisifike kwenye kifungio wala pale unapoingia ndani ya nguzo. Aliuliza kama zitafuliwa mara kwa mara. Kisha akauliza ni za nani. Nikamwambia ni za Sista wa chanjo, kwa kuwa yeye huvaa nyeupe na mkanda unamchafua. Mama Zuhura alisimamisha cherehani, akaikunja futi yake. Halafu akaniambia nirudi kesho.

Zilikuwa nane, nne za kuvalishwa mikanda ya kigari na nne za akiba. Kitambaa kilikuwa kizuri mno kwa kazi ile, pamba nyeupe nyepesi, na kwenye mojawapo palibaki kipande cha darizi ya shingo ya kanzu. Niliitambua.

Sista Wakesho alizikagua kwa jicho la muuguzi, akanusa moja, akafunga mkanda. Jina la Fundi lilibaki kwa Sista peke yake; kuanzia geti hadi jikoni nikawa Bwana Foronya. Kila Alhamisi nilizivua nikazifua mwenyewe, kwa kuwa nilipomwachia mwingine alizitia wanga zikawa kama mbao. Wanaume wazima walisimama kunitazama nikizianika, na mlinzi aliniuliza kama zina mto wake.

Sasa nifike kwenye Ijumaa nyingine. Mradi ulikuwa unapokea wageni kule Salaita, wale waliotusaidia tangu mwanzo, na Sista ndiye angewaonyesha kliniki. Alikuwa ameshonesha sare mpya. Alhamisi mimi kwa kujitia usafi nilifua foronya zote nane, za kuvaa na za akiba. Jioni manyunyu yakaanguka, zikabaki mbichi kwenye kamba, nikaenda nyumbani nikiwa na nia ya kuwahi alfajiri. Nia hiyo niliilalia. Nilipoingia saa mbili asubuhi kigari cha kijani kilikuwa kimeondoka tangu saa kumi na mbili, na foronya nane zilikuwa zinapepea kwenye kamba, kavu kabisa.

Sare mpya, mkanda mchafu, wageni, Ijumaa. Nilijua angefanya nini kwa sababu nilijua Athumani alifanya nini. Nikazizoa zote, nikachukua funguo za pikapu. Meneja aliniuliza naenda wapi, nikamwambia napeleka foronya Salaita. Aliniruhusu kwa sauti ambayo watu huitumia kwa wagonjwa.

Nilipita Mwatate, nikapita Bura, nikapita Maktau. Mbele kidogo niliona alama kwenye changarawe kabla sijaliona gari, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimefundishwa kuzisoma. Ngiri amekatiza. Sista miaka yote alijilinda na ndovu, akamjia ngiri. Amekwepa kushoto, akarudi kulia, kigari kirefu kimelala ubavu, kikaendelea. Nikakiona kwenye nyasi, kichwa chini miguu juu, kama mbuzi kweli.

Nilishuka na tochi na lile bunda la foronya, mchana ule wa jua. Ndani hapakuwa na mtu. Vioo vilikuwa vimemwagika kwenye dari, ambayo sasa ilikuwa sakafu. Eabegi zote mbili zilikuwa zimelala ndani ya vifuniko vyake, maana hazikutengenezwa kwa kupinduka, na kwa mara ya kwanza Mwenyekiti alikuwa amesema kweli. Nilitambaa ndani mpaka kwenye kiti cha dereva. Nikauvuta mkanda, nikautia tochi. Pale juu, karibu na nguzo, nyuzi zilikuwa zinang'aa.

Nilitoka kinyumenyume, nikakaa chini kwenye changarawe, nikalia kwa sauti bila haya yoyote.

"Fundi," nikasikia nyuma yangu, "unalilia gari ama unanililia mimi?"

Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mgunga, juu ya sanduku la chanjo, ameshalifunga upya kwa bandeji. Paji la uso lilikuwa na mkwaruzo. Na kwenye sare mpya, toka bega la kulia hadi kiuno cha kushoto, palikuwa na ule mstari, mwekundu kuliko siku zote. Niliinua tu mkono wenye foronya nane.

Alizitazama. "Sasa hizo unaniletea za nini?" akasema. "Si nimeshachafuka."

Baadaye, njiani, nilimuuliza kwa nini alifunga. Alisema alikaa getini kwa muda akiuangalia mkanda na kuiangalia sare. Halafu akawaza kwamba asipofunga nitamsumbua mpaka siku atakayostaafu. Si kwa ajili ya Athumani, wala eabegi, wala jedwali langu la chaki. Nimetafuta sababu nzuri zaidi ya kuwaandikia, sina.

Hakukubali kurudi Voi. Nilimpeleka Salaita kwa pikapu, amefunga mkanda wenye foronya, ambayo sasa haikuwa na kazi. Alisimama mbele ya wageni na mstari wake kifuani. Akina mama walipanga foleni, na mmoja baada ya mwingine walimpa watoto wao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za sare.

Basi wewe mwenye orodha kwenye simu, soma eabegi zako na kamera zako, ni vitu vizuri, ningalivipata wakati wangu ningalivichora ukutani. Ukimaliza, muulize atakayeendesha huvaa nguo gani.

Jioni ile niliporudi Voi, kabla sijakwenda nyumbani, nilipitia kwa Mama Zuhura, kwa kuwa niliona si haki asikie kwa watu. Nilimweleza habari zote, ngiri na kupinduka na foronya zilizobaki kwenye kamba. Aliuliza jambo moja tu, mstari ulipita wapi. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye shati langu, toka begani hadi kiunoni. Aliufuata kwa macho mpaka mwisho wake.

"Mstari kama huo," akasema, "ningaliufua kila Ijumaa."